Safu Mbili za Kofia ya Mahmud

Mimi ulimi wangu ni mkali, sikatai. Mtaa mzima wa Mkomani waniita Bi Tima Pilipili, na wanaothubutu kuniita hivyo mbele yangu ni wachache. Nimewahi kumrudishia muuza samaki changu zake nikamwambia azile yeye na mama mkwe wake. Nimegombana na karani wa hospitali mpaka akaniletea kiti. Lakini ilikuwapo siku moja tu ambayo ulimi huu ulihitajika kweli, na siku hiyo ulilala kinywani haukuinuka. Nitaifikia. Kwanza nimseme wifi yangu Alawiya, maana habari hii ni yake.

Alawiya ni mke wa kaka yangu Mahmud. Aliletwa katika nyumba yetu hii ya mawe akiwa hajatimiza miaka ishirini, na mimi nilikuwa mwari wa ndani, nikamkagua kuanzia ushungi hadi vidole vya miguu. Nikasema moyoni, huyu kwa upole huu atatushinda sote. Sasa ni miaka arubaini na sita, na hajanijibu neno baya hata mara moja, jambo ambalo limeniudhi kuliko kama angenitukana. Ubaya hana. Ana adabu, na adabu yenyewe amelishwa nyumbani kwao na kijiko tangu hajaota meno.

Kwao kulikuwa na desturi, na si kwao tu, sisi watu wa Amu wa zamani sote twaijua. Mgeni akikisifu kitu chako, iwe bakuli, iwe kanga, iwe mkufu ulio shingoni, humwachii ile sifa ikaning'inia hewani. Wamwambia, "Karibu, ni yako." Naye mgeni aliyelelewa hujibu, "Kimepata mwenyewe, Mungu akuwekee." Basi yamekwisha. Kitu kiko pale pale, sifa imepita salama bila jicho la hasidi, na nyote wawili mmeonekana waungwana. Nimewahi kumsikia bibi mmoja akimpa mwenziwe nyumba nzima, orofa mbili na kisima chake, kwa maneno hayo hayo. Wakacheka, wakanywa kahawa, na hakuna aliyehama.

Mahmud kazi yake ilikuwa kushona kofia. Sisemi hizi za mashine zinazokuja kwenye maboksi, kila moja kama mwenziwe. Nasema kofia ya vito, ndivyo tuviitavyo vitobo vyake, ya mkono. Kitambaa cheupe tabaka mbili, juu yake mchoro wa penseli, kisha mamia ya vitobo vidogo, kila kimoja kizungushwe uzi kwa sindano mpaka kikae kama tundu la sisimizi. Kofia moja miezi minne, mitano, na mtu awe na macho. Mahmud alichora mwenyewe, hakuiga kwa mtu, na hakuweka karatasi. Kofia ikimalizika hufuliwa, penseli hutoka. Mchoro hubaki kwenye uzi na kichwani mwa Mahmud, hakuna pahali pengine.

Mungu hakuwajaalia mtoto. Kwa hivyo kila Alasiri wao walikaa kwenye kiwanda cha nyumba, ule uwanja wa ndani, yeye na mkewe, vichwa vimeinama, na Alawiya akajifunza kwa kutazama. Mwanzo alimtungia uzi kwenye sindano. Kisha akapewa vitobo vya pembeni. Mwishowe ukiwapokonya kofia mbili ukaziweka sambamba, mimi dada mtu sikuweza kukwambia ni ipi ya nani. Mabwana harusi wa mji huu walivaa kazi yao. Masharifu walivaa. Mahmud mwenyewe akatembea na kofia ya marehemu baba yetu, imekuwa ya manjano, ukingo umekatika. Nilimcheka, nikamwambia wewe wavalisha vichwa vya watu na chako wakitia aibu. Akasema ya kwake itakuja.

Ikaja alipotimiza miaka sabini na moja. Alichora kwa siku tisa. Wallahi sijaona mchoro kama ule, na mimi si mtu wa kusifu. Akasema hii ataivaa Idd, aingie nayo msikitini, na watu wajue ndiye aliyevalisha nusu ya vichwa vilivyo mle ndani. Kaka yangu si mtu wa majivuno. Hayo yalikuwa majivuno yake ya kwanza, na niliyafurahia.

Mwaka jana, wiki moja baada ya Maulidi, akaenda kutia udhu Alfajiri, akaanguka pale pale penye birika la maji. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na sauti ikaenda nao. Kofia ilikuwa imekwisha duara la juu na nusu ya ubavu.

Mwezi mzima Alawiya hakuigusa. Kisha siku moja baada ya Alasiri akaitoa kwenye sanduku, akakaa kitako kando ya kitanda, akatia sindano. Mahmud alikuwa anatazama dari, kama alivyotazama dari siku zote zile. Akageuza macho. Alawiya alipomaliza kitobo kimoja akamwonyesha, na kaka yangu akainua kidole cha mkono wa kushoto, akagonga ubao wa kitanda mara moja. Mkewe akashona cha pili. Mara mbili. Alawiya akakitazama vizuri, akaona uzi umelegea, akakifumua. Ndivyo walivyoanza. Mara moja, sawa. Mara mbili, fumua.

Kwa kidole hicho wakazungumza yote. Wataka uji? Wasikia baridi? Tima amekuudhi? Lakini mazungumzo yenyewe hasa yalikuwa ya kofia. Nikipita na sinia nasikia tak, kimya, tak, kimya, tak tak, kisha mkasi mdogo. Mtu aliyekuwa akitazama dari akawa anangoja Alasiri kama bwana harusi. Daktari alisema hiyo ndiyo dawa yake na tusiikatize. Ilipofika Shaaban zilibaki safu mbili za vitobo, ukingoni chini. Vijana wa msikitini walikuwa wamekwisha kukubali kumbeba kwa kiti siku ya Idd.

Sasa nije kwa wageni.

Huyu aliyetuletea wageni ni Ghassan, mwana wa binamu yetu, aliyelelewa Mombasa akarudi hapa na simu mbili na fulana yenye jina la kampuni, na kampuni ni yeye peke yake. Anakusanya watu sita, saba, hazidishi, wenye kupenda vyakula na kazi za mikono. Anawatembeza mjini, anawapeleka Siyu kwa washona viatu vya ngozi na wasuka mikeka, kisha wanalala Kiwayu siku mbili wapumzike. Na kila Alhamisi mchana ni kwetu. Mimi napika. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa mofa, achari, kaimati. Nao walipa ili wakune nazi! Mimi nimekuna nazi tangu nina miaka sita, hakuna aliyenipa senti. Mmoja alikaa juu ya mbuzi kinyumenyume akataka kujua mbona haikuniki. Sikumwambia kitu, nilimgeuza kama mtoto.

Baada ya kula, hushuka kwa Alawiya kujifunza kushona kofia. Kila mmoja hupewa kitambaa kibovu cha kujaribia, sindano na uzi, wakajichoma, wakacheka, wakapiga picha. Kofia ya Mahmud haikutolewa kamwe. Ilikaa ndani sandukuni mpaka wageni waende. Pesa zenyewe ndizo zilizonunua dawa za kaka yangu na nepi zake, kwa hivyo sitajifanya siwataki wageni. Niliwataka, na nitawapikia tena Alhamisi hii.

Alhamisi ile ya Shaaban katika wageni alikuwamo bibi mmoja wa makamo, mrefu, miwani yake imefungwa kamba ya shanga. Jina lake lilikuwa refu nami sikujitaabisha nalo, nilimwita Bi Miwani. Bibi huyu hakupiga picha. Alikaa karibu na Alawiya, akatazama mikono yake, akachukua kitambaa, akakosea mara mbili, na mara ya tatu akatoa kitobo. Kitobo cha kweli, chenye mdomo wa duara. Ghassan akatwambia kumbe alikuwa mwalimu wa kushona huko kwao miaka thelathini.

Uso wa Alawiya ukachanua. Mfahamu, watu wote wa mji huu waliojua kazi ile wamekwisha kufa ama macho yao hayaoni tena. Miezi mingapi hajapata mtu wa kuzungumza naye kwa sindano ila mgonjwa kitandani. Bi Miwani akauliza kupitia Ghassan, wewe mwenyewe washona nini sasa? Na Alawiya akainuka, akaingia ndani taratibu asimwamshe mumewe, akarudi na kofia.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya kaimati. Niliona kila kitu. Bi Miwani aliipokea kwa viganja viwili, akavua miwani, akaisogeza hadi puani. Akaisifu. Akaigeuza, akaisifu kwa ndani, ambako watu wasiojua hawatazami. Akaisifu mara ya tatu, macho yamemjaa. Na Alawiya, kama alivyolishwa na kijiko, akatabasamu akasema, "Karibu, ni yako."

Mimi nikangoja jibu. Kijibu chenyewe si maneno kumi. Ghassan akatafsiri kile alichosikia, kwani kijana huyu wa Mombasa akijua nini. Yule bibi akaweka mkono mdomoni. Akauliza tena. Ghassan akamgeukia wifi yangu.

"Shangazi, anauliza kama ni kweli."

Ungesema nini wewe? Mtu mmevunja naye mkate, yuko kwenye mkeka wako, amekuuliza mbele ya watu kama neno lako ni kweli.

"Kweli," akasema Alawiya.

Aliendelea kutabasamu. Tabasamu lile nalijua, ni la mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni. Bi Miwani akalia wazi wazi, akavua mtandio wake wa hariri akamtia Alawiya mabegani, akambusu huku na huku. Sindano ilikuwa bado imening'inia kwenye kofia kwa uzi wake, pale palipobaki safu mbili. Wifi yangu akaukata uzi, akaichomeka sindano kwenye pindo la kanga yake, isije ikamchoma mgeni. Nami na ukali wangu wote nikafanya nini? Nikapitisha kaimati.

Walipoondoka nikamshukia Alawiya. Nikamwambia amekuwa mwehu, nikamwambia mzungu hajui hayo mambo yetu, amfuate sasa hivi kabla hajafika hotelini. Nikampigia Ghassan nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Maskini, akasema yeye alitafsiri tu alichosikia, tena akaona ni wema mkubwa, akafurahi. Alipofahamu ile kofia ni ipi, akaapa hakujua. Akasema atamwambia yule bibi airudishe. Alawiya akaninyang'anya simu. Katika miaka arubaini na sita hajawahi kuninyang'anya kitu.

"Usimwambie neno," akamwambia Ghassan. Kisha akanigeukia mimi. "Nimempa kwa mdomo wangu, wifi. Anayetoa hiba akairudia amefananishwa na mbwa anayerudia matapishi yake. Usinifanye mbwa uzeeni."

Ilipofika Alasiri, Mahmud akaamka. Tukamwinua, tukamwekea mito. Alawiya akakaa mahali pake, kando ya kitanda, mikono mitupu. Kaka yangu akatazama mikono ile, akatazama sanduku. Alawiya akamwambia uzi umekwisha, wa rangi ile hauko madukani, mpaka uje kutoka Mombasa.

Mahmud akagonga mara mbili.

Akamwambia tena, uzi utakuja, inshallah wiki hii. Mara mbili. Akamwambia lala basi upumzike. Mara mbili, kwa nguvu, mpaka kucha ikapasuka. Alawiya akaushika mkono ule akaufunika kwa wake, na mimi nikatoka nikaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Nilikuwa na siku chache. Wageni wale Ijumaa walikwenda Siyu, Jumamosi wakafika Kiwayu, na ndege yao ilikuwa Jumatatu saa nne, pale uwanja wa Manda, ng'ambo ya maji. Siku zote hizo nilikuwa najipanga maneno. Jumatatu asubuhi nikafungua sanduku langu, nikatoa vikuku vya fedha vya marehemu mama, nikavifunga kwenye leso. Nilikwisha kuamua. Nitamwambia, bibi, ile ni ya mgonjwa, chukua hivi ni vizito na vya zamani zaidi, nipe ile. Atakayeaibika ni mimi, na mimi sina aibu ya kuogopa. Alawiya nikamwambia nakwenda kununua nazi.

Nikapanda boti ya kuvuka kwenda Manda nimekaza leso kifuani, maneno yamepangika kichwani.

Nikawakuta chini ya banda la abiria, mabegi yamepangwa. Bi Miwani aliponiona alisimama kabla Ghassan hajaniona, akaja mbio, akanikumbatia, kama mimi ni nduguye aliyetoka safari. Akaniketisha. Akafungua mfuko wake wa mkononi, si begi, mfuko wa mkononi, akatoa foronya nyeupe, na ndani ya foronya karatasi laini, na ndani ya karatasi ile kofia. Akanionyesha alivyoifunga ili isikunjike. Akazungumza, na Ghassan akatafsiri huku anatazama chini. Alisema mumewe aliugua miaka minne kabla hajafa, naye alimuuguza peke yake. Alisema tangu amzike, watu humpa pole, na hakuna aliyempa kitu kingine chochote. Alisema wifi yangu alimwona vile alivyo. Hakuna aliyemwona hivyo muda mrefu.

Kofia ilikuwa mapajani mwake, mkono mmoja tu kutoka kwangu. Niliona mistari ya penseli ya kaka yangu kwenye zile safu mbili, bado haijafutika.

Ghassan akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi Tima, kuna neno nimwambie?"

Alikuwa anangoja niseme. Namjua, angelitafsiri. Angelibeba aibu pamoja nami. Na mimi Tima Pilipili nikaufungua mdomo, nikatazama uso wa yule bibi ukinitazama kwa furaha yake, na adabu ile ile niliyoicheka kwa Alawiya siku zote ikanitangulia. Kumbe nami nililishwa.

"Mwambie safari njema," nikasema.

Ndege ikaja, wakaenda. Niliporudi Alawiya akaniuliza nazi ziko wapi. Nikamwambia zote zilikuwa mbovu.

Ramadhani ikaingia. Wageni wa mchana hakuna, kazi chache, nao ndio mwezi ambao safu mbili zingemalizika na siku zikabaki. Alawiya akanunua kitambaa kipya, akachonga penseli, akachora upya kwa kukumbuka. Akakaa kando ya kitanda. Mahmud akakitazama kitambaa kile, na kabla mkewe hajatia sindano akagonga mara mbili. Alawiya akafuta, akachora tena. Mara mbili. Akashona kitobo, labda kikishonwa atakijua. Mara mbili. Alifumua kutwa, siku baada ya siku, naye amefunga, macho yamemvimba mekundu, hadi kitambaa kikatoboka kikawa hakifai hata kuchujia tui. Akanunua kingine. Nilimwomba aache. Akasema mchoro uko kichwani mwake Mahmud, na iko siku atagonga mara moja, naye atashika njia pale.

Siku ya kumi na nane ya mfungo alinijia jikoni, nakamua ukwaju wa futari. Alisimama mlangoni na kitambaa mkononi.

"Wifi," akasema, "nimekosea kusudi. Nimetia uzi hovyo, mbele yake. Hakugonga."

Tangu siku hiyo kidole hakikuinuka. Ukimuuliza uji, hajibu. Ukimuuliza baridi, hajibu. Tukamlisha tukikisia. Akarudi kwa dari yake.

Idd vijana wa msikitini wakaja na kiti kama walivyoahidi, wamenukia udi, Mungu awalipe. Tulimvika kanzu. Alawiya akamletea kofia ya dukani, nyeupe, ya mashine, aliyoinunua kwa siri. Mahmud akaivua kwa mkono wa kushoto akaiacha ianguke. Tukamletea ile ya manjano ya baba, akafumba macho. Vijana wakabeba kiti kitupu wakaenda kuwahi sala, na takbira tukaisikia dirishani.

Wiki mbili baada ya Idd, Ghassan akaingia ana furaha usoni kwa mara ya kwanza tangu Shaaban. Yule bibi amemtumia picha. Tulikuwa chumbani tunamgeuza Mahmud ubavu, mimi na Alawiya, na kabla sijamzuia kijana amekwisha kuinamisha simu mbele ya uso wa mgonjwa, aone kazi yake imefika mbali.

Kofia ilikuwa ndani ya kioo, kwenye fremu ya mbao, juu ya ukuta mweupe. Taa ndogo imeelekezwa juu yake. Ghassan akasoma maneno yaliyokuja na picha. Yule bibi alisema fundi wa fremu alimuuliza kama aimalizie pale pembeni, yeye akakataa, kwa sababu ilivyo ndivyo alivyopewa. Safu mbili za penseli zilionekana wazi kabisa chini ya ile taa.

Mahmud aliitazama muda mrefu. Macho yake yalitembea juu ya kofia polepole, safu kwa safu, kama alivyokuwa akikagua zamani kabla ya kuikabidhi kwa mwenyewe. Yakafika mwisho, pale Alawiya alipokata uzi. Na kidole chake kikainuka.

Akagonga mara moja.

Sawa. Endelea.

Alawiya akapiga magoti kando ya kitanda. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pindo la kanga, akaichomoa sindano, akaishika hivyo, na mbele yake hakuna kitambaa, kuna simu ya Ghassan. Mahmud akamtazama mkono. Akangoja. Alipoona hafanyi kitu akagonga tena mara moja, taratibu, kama anayemtoa woga mwanafunzi.

Ghassan akaiacha simu kitandani, akatoka nje. Alawiya hakulia. Aliniambia bila kugeuka, sauti yake ile ile ya upole iliyoniudhi maisha yangu yote.

"Ningelikuwacha uende Manda, wifi. Wewe ungelimwambia."

Taa ya simu ikazimika, na Mahmud akagonga ubao, mara moja. Nikanyoosha mkono nikaiwasha.